Profesa Virdee wa Nyeri na Kisumu: Kazi Yake Inatuhusu Nini Sisi wa Masii?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Masii. Imechapishwa hapa kwa ombi la waliokuwapo.)

 Mmeacha shamba mkaja, na jua la hapa kwetu mnalijua, kwa hivyo tutajaribu kutowachosha.

Kamati ilipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya mtu wa fizikia, tulisikia minong'ono. Mama mmoja alituuliza, "Kwani huyo amechimba bwawa wapi?" Swali zuri. Hajachimba bwawa. Lakini yeye na wenzake walishusha mtambo wa tani 14,000 mita mia moja chini ya ardhi, kipande kwa kipande, na ukifika mwisho wa habari hii utaona kwamba walifanya kazi kwa namna ambayo mtu wa mwethya angeielewa upesi kuliko profesa mwingi.

Na tuseme wazi kwa nini tumelileta jambo hili. Mnajua kuna ombi mbele yetu. Walimu wa shule ya upili wanataka vikundi visaidie kununua vifaa vya maabara ya fizikia. Wengine kati yenu mmesema, na mna haki ya kusema, kwamba tangi la maji ni bora. Wengine mmeuliza fizikia ni ya kazi gani, maana katika mfumo wa 8-4-4 watoto waliruhusiwa kuiacha wakiingia Kidato cha Tatu, na wengi waliikimbia, hasa wasichana. Basi tusikie kwanza habari za mtoto mmoja wa Kenya hii ambaye hakuikimbia, halafu tuamue.

Jina lake ni Tejinder Singh Virdee. Alizaliwa Nyeri mwezi wa Oktoba 1952, mwezi ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Ni mtoto wa jamii ya Masingasinga. Hawa si wageni kwetu. Wengi walikuja enzi za reli, yule nyoka mrefu ambaye wazee wanasema Syokimau alimwona kabla hajafika. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Na nani hapa amesafiri kwenda Mombasa asijue hekalu lao la Makindu, lililojengwa 1926, ambapo msafiri hula bila kuulizwa dini yake wala kabila lake? Huyu Virdee alisoma Kisumu Boys. Alikaa kwenye dawati la Kenya, akafundishwa kwa chaki ya Kenya.

Mwaka 1967 familia yake ilihamia Birmingham, Uingereza. Kijana alikuwa na miaka kumi na minne tu. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, na maelfu ya Waasia wakafunga mizigo. Hatukuja hapa kufufua siasa hizo. Tunasema tu kwamba nchi ikifungua mlango watu watoke, haijui ni nani hasa anayetoka.

Kule Birmingham alipata mwalimu wa fizikia aliyeipenda kazi yake, na pia alipata kutembelea jumba la makumbusho ya sayansi lililokuwa na mitambo ya kuona kwa macho. Mwenyewe amesema kwamba vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomwasha. Tafadhali mshike hilo: mwalimu na mitambo. Hakusema pesa, hakusema akili nyingi za kuzaliwa. Alipata shahada ya kwanza Queen Mary College, London, mwaka 1974, na udaktari Imperial College mwaka 1979. Kisha akaenda CERN.

CERN ni kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1954 karibu na jiji la Geneva, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Nchi za Ulaya zilikuwa zimetoka kuuana katika vita, na hapo zikakubaliana kufanya utafiti wa kiini cha atomu pamoja, bila kutengeneza silaha. Chini ya ardhi kuna handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. Ukitaka kulizunguka kwa miguu, jitayarishe kutwa nzima. Ndani yake vijipande vya atomu huzungushwa kwa sumaku mara zaidi ya 11,000 kwa kila sekunde moja, vingine vikienda kulia na vingine kushoto, halafu hugonganishwa uso kwa uso.

Kwa nini kugonganisha? Hebu fikirieni. Ukitaka kujua ndani ya njugu mawe kuna nini, unaipasua. Kiini cha atomu ni kidogo mno, hakishikiki kwa mkono wala kuonekana kwa darubini. Njia iliyobaki ni kukigonganisha na kingine kwa nguvu sana na kutazama kinachoruka. Sasa kazi ngumu ndiyo hiyo ya kutazama. Kinachoruka huruka kwa kasi ya mwanga hivi, kisha hupotea. Lazima uwe na jicho.

Virdee ni mmoja wa wale waliojenga jicho hilo. Mwaka 1990, yeye na Mfaransa Michel Della Negra pamoja na wenzao wachache walianza kupanga mtambo unaoitwa CMS. Wakati huo handaki lilikuwapo lakini mashine mpya haikuwapo, pesa hazikuwapo, na baadhi ya vifaa walivyovitaka vilikuwa bado havijavumbuliwa na mtu yeyote duniani. Walianza tu. Mtambo ulifanya kazi miaka karibu ishirini baadaye. Sisi hapa kikundi kikikaa miaka miwili bila kuona tangi, watu wanaanza kudai michango yao. Hatuwalaumu, lakini tunasema tu.

Jicho lenyewe limetengenezwa kwa fuwele. Fuwele ni kitu kinachong'aa kama glasi, lakini hizi zimetengenezwa kwa madini ya risasi na tangsteni pamoja na oksijeni kidogo. Ukiitazama unaona upande wa pili kama glasi safi, ukiibeba unashangaa, maana ni nzito kuliko chuma. Moja yenye ukubwa wa kikombe kidogo cha kahawa ina uzito wa kilo moja na nusu. Chembe ya mwanga yenye nguvu, wanayoiita fotoni, ikiingia ndani yake, fuwele humeta kidogo, na kwa kupima ule mmeto wanajua fotoni ilikuwa na nguvu kiasi gani. Virdee ndiye aliyeongoza uamuzi wa kutumia fuwele hizi, akasimamia kazi hiyo kwa miaka mingi. Zilihitajika 75,848. Hazitoki kiwandani kama matofali. Kila moja hukuzwa polepole kwenye tanuri, siku mbili hivi, kule Bogoroditsk nchini Urusi na kule Shanghai nchini Uchina. Kuzimaliza zote kulichukua miaka kama kumi.

Kuna jambo jingine la mtambo huo ambalo lilitupendeza sana. Sehemu moja yake ilihitaji shaba ya manjano kwa mamia ya tani, na wataalamu wa Urusi wakasema shaba ipo. Ilikuwa ni maganda ya mizinga ya jeshi la majini, yaliyobaki tangu Vita Vikuu vya Pili, zaidi ya maganda milioni moja ghalani. Yakayeyushwa. Kitu kilichotengenezwa kuua watu kikawa kifaa cha kutazama kazi ya Mungu. Wasomaji wa nabii Isaya hawahitaji maelezo.

Sasa tuje kwenye migongano yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Karibu mwaka mzima mashine ile hugonganisha protoni, yaani chembe moja moja. Ni kwa migongano hiyo, tarehe 4 Julai 2012, CMS na mtambo mwenzake ATLAS walitangaza kwamba wameipata chembe ya Higgs, iliyokuwa ikitafutwa tangu mwaka 1964. Mojawapo ya dalili zilizoithibitisha ni fotoni mbili zilizopimwa na fuwele zile. Hapo ndipo jina la Virdee lilipojulikana zaidi.

Lakini kwa kawaida, mwishoni mwa mwaka, kwa kama mwezi mmoja, protoni huwekwa kando na huingizwa viini vizito vya madini ya risasi. Kila kiini kina protoni 82 na nyutroni 126, jumla 208. Si tena mtu mmoja kugongana na mtu mmoja. Ni matatu mawili yaliyojaa abiria. Migongano ya kwanza ya namna hiyo katika mashine ile ilifanyika Novemba 2010. Kwa nafasi ndogo isiyofikirika, na kwa muda mfupi usiofikirika, joto hupanda likazidi joto la kitovu cha jua zaidi ya mara laki moja. Hapo protoni na nyutroni zenyewe huyeyuka. Zile chembe za ndani yake, kwaki na gluoni, ambazo siku zote hukaa zimefungwa kama mahindi kwenye gunia, huachiliwa zikachanganyika kuwa mchuzi mmoja. Na ajabu ni hii: watu walitegemea mchuzi huo uwe kama mvuke, kumbe unatiririka kama kimiminika, laini kuliko maji.

Wanasayansi wanaamini ulimwengu wote ulikuwa mchuzi wa namna hiyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde yake ya kwanza, kabla hakujakuwa na atomu, kabla ya udongo na maji na sisi.

Unaupimaje mchuzi unaotoweka kabla hujapepesa jicho? Tuchukue mfano wa hapa. Boda boda wawili wanaondoka mahali pamoja, wakati mmoja, kwa kasi moja, mmoja huku na mwingine kule. Mmoja anapita barabara ya lami. Mwingine anavuka mto wetu wa mchanga wakati wa kiangazi. Yule wa lami atafika na petroli yake. Yule wa mchangani atafika amechoka, pikipiki inaunguruma, tangi limepungua. Ukiyapima matangi yote mawili utajua mchanga ule ulikuwa mzito namna gani, hata kama wewe mwenyewe hukukanyaga pale mtoni. Ndivyo ilivyo. Mara nyingine mgongano huzaa fotoni upande mmoja na mfululizo wa chembe upande wa pili. Fotoni huupita mchuzi bila kushikwa. Ndiye boda boda wa lami. Zile chembe nyingine hukwama na kupoteza nguvu. Fuwele hupima fotoni, vyombo vingine hupima zile zilizochoka, na tofauti yake ndiyo habari ya mchuzi. Tangu majuma ya kwanza ya migongano hiyo, mwishoni mwa mwaka 2010, CMS na ATLAS waliona kwa macho kwamba upande mmoja ulikuwa umepungukiwa nguvu. Miaka mingi ya kuhangaika na fuwele ililipa hapo.

Kuna mzee aliyetuuliza kama habari hizi za mwanzo wa ulimwengu hazipingani na imani. Tunamheshimu kwa kuuliza waziwazi badala ya kunung'unika njiani. Jibu letu ni kwamba mtu wa kwanza kuandika kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kidogo kimoja kilichopanuka alikuwa padre wa Kikatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Mwaka 1927 aliandika juu ya kupanuka kwa ulimwengu, na mwaka 1931 juu ya ile atomu ya mwanzo. Aliendelea kusoma Misa na aliendelea kupiga hesabu. Hakuona haja ya kuchagua moja.

Sasa tuzungumze juu ya uongozi, na wenyekiti mtuvumilie.

CMS si mali ya mtu mmoja wala ya nchi moja. Wanaoitumikia ni zaidi ya watu 3,000 kutoka nchi zaidi ya 40. Kila nchi huleta kitu chake: huyu fuwele, huyu shaba, huyu sumaku, huyu vijana wa kuandika programu za kompyuta. Hakuna anayeweza kumaliza kazi bila jirani, na vitu lazima vioane kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Je, hiyo si mwethya? Na kiongozi wao, ambaye kwa lugha yao huitwa msemaji, huchaguliwa kwa kura. Virdee alikuwa naibu tangu 1993, akachaguliwa kuwa msemaji kuanzia Januari 2007 kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo kipande kikubwa kabisa cha mtambo, tani 1,920, kiliteremshwa shimoni tarehe 28 Februari 2007, kwa saa kama kumi, polepole, watu wakishikilia pumzi. Tarehe 10 Septemba 2008 mashine iliwashwa, dunia nzima ikashangilia. Siku tisa baadaye hitilafu ya umeme ikaharibu sumaku nyingi kule handakini. Kutengeneza kulichukua zaidi ya mwaka. Watu walikuwa wameshangojea miaka kumi na minane, na sasa wanaambiwa wangoje tena! Kikundi hakikuvunjika. Walitumia muda huo kupima mtambo wao kwa chembe zinazoshuka zenyewe kutoka angani, na Novemba 2009 mashine ilipowaka tena walikuwa tayari.

Na muda wake ulipokwisha, mwisho wa 2009, alimkabidhi Mwitaliano Guido Tonelli. Migongano ya viini vizito ilipoanza mwaka uliofuata, na Higgs ilipotangazwa mwaka 2012, hakuwa yeye kwenye kiti. Alikuwa amerudi kwenye vyombo, kama fundi. Baadaye akashughulika na kubuni jicho jipya litakaloingia mahali pa sehemu ya lile la zamani, kwa sababu mnururisho huzichosha fuwele pole pole. Hilo tunawaachia wenyekiti walikunje waweke mfukoni.

Heshima alizopewa ni nyingi, tutataja chache tu. Mwaka 2012 aliingizwa katika Royal Society, jumuiya kongwe ya wanasayansi ya Uingereza, na mwisho wa mwaka huo akashiriki na wenzake sita zawadi kubwa ya fizikia kwa ajili ya kazi ya Higgs. Mwaka 2014 Malkia Elizabeth alimpa cheo cha Sir. Mwaka 2017 alipata zawadi ya Panofsky ya Marekani pamoja na Della Negra na Peter Jenni wa ATLAS. Tunachokithamini zaidi sisi ni kwamba amejishughulisha pia na kutafuta msaada kwa ajili ya mafunzo ya walimu wa fizikia katika Afrika. Hakusahau lile dawati.

Haya, mtasema, vizuri, lakini tunakula nini? Swali la haki.

Mchuzi ule wa kwaki hautajaza chungu chochote Masii, na hatutawadanganya. Lakini watu wanaojenga vyombo vya kuutazama huacha vitu njiani. Ule mtandao wa kurasa mnaofungua kwenye simu ulibuniwa CERN mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, ili wanasayansi wa nchi mbalimbali wapelekeane habari. Kisha ukatolewa bure. Fuwele za jamii hiyo hutumika hospitalini katika mashine za kuonyesha saratani imejificha wapi. Na viini vyenyewe, si vya risasi bali vya kaboni, hutumika kuunguza uvimbe wa saratani bila kuharibu sana nyama iliyouzunguka: Wajapani walianza kule Chiba mwaka 1994, Wajerumani kule Heidelberg mwaka 2009. Ni familia ngapi hapa zimeuza ng'ombe kwa ajili ya saratani? Hatutaki mikono.

Na fizikia tayari tunaitumia, ila hatuiiti hivyo. Mkipima tuta kwa kamba na pimamaji kabla ya kuchimba, hiyo ni fizikia. Bwawa la mchanga ni fizikia: maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, jua haliyafikii. Pampu ya sola ni fizikia, na ikiharibika tunangoja fundi kutoka mjini majuma matatu kwa sababu hakuna kijana hapa aliyewahi kushika kipimo cha umeme. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni aliandika ripoti juu ya mmomonyoko Ukambani, na ukiisoma unadhani nchi hii ilikuwa imekwisha. Mwaka 1994 kitabu cha watafiti kikaonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara kadhaa na udongo ukatunzwa vizuri zaidi kuliko zamani. Matuta hayo yalichimbwa na nani? Na mama zenu na nyinyi wenyewe, kwa jembe na nyimbo. Watu wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba fizikia ni ya Wazungu.

Kwa hiyo maoni ya kamati ni haya. Tangi lisisimamishwe, pesa zake zikae palepale zilipo. Kwa maabara tunaomba mchango wa pekee, mdogo, kwa miaka mitatu, si kwa mara moja. Tuanze na vipimo vya umeme, betri, nyaya, lenzi, sumaku, mizani, na kabati lenye kufuli. Vitu viandikwe katika daftari, na vikundi vichague watu wawili, mmoja awe mama, wa kuvikagua kila muhula. Na sharti moja tunalishikilia: wasichana wavishike kwa mikono yao. Wasiwe wanaandika tu matokeo huku wavulana wakiunganisha nyaya.

Mweka hazina yuko hapa mbele na hesabu za robo mwaka. Atazisoma zote kabla ya kura, pamoja na zile za tangi, kisha kila kikundi kitakaa chini ya mti wake kwa nusu saa na kuleta jibu. Wenye maswali waanze sasa.